Majani Niliyoyatilia Saini

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa nyumbani kabla sijakalia kiti. Nilikuwa nimeripoti saa mbili kamili asubuhi, gauni nimelipiga pasi, viatu vya kisigino nimeazima kwa dada yangu, na barua ya ajira nimeishika kwa mikono miwili. Mkuu wa Kituo cha utafiti wa mimea, mtu wa Moshi mwenye sauti nzito, aliisoma ile barua, akaishusha taratibu, akanitazama miguuni.

"Binti, umekuja kazini au umekuja harusini?"

"Kazini, mzee."

"Kazi yetu iko milimani. Nenda kavae viatu vya kutembelea, ndipo urudi."

Kutoka Kigoma mjini mpaka kwetu Ujiji si karibu, na nauli niliyokuwa nayo ilikuwa ya kurudia jioni tu. Nikatembea. Njia nzima nilimsema yule mzee kimoyomoyo, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Saa tano nikawa nimerudi, nimevaa raba za kaka yangu zilizonizidi, mbele nimezijaza magazeti zisinivuke. Mkuu alinitazama tena, akacheka mpaka akatoa machozi, akasema, "Huyu atafaa." Hivyo ndivyo mimi, Tatu binti Rashidi, nilivyoanza kazi niliyoifanya mpaka nikafikisha umri wa kustaafu. Viatu vya kisigino sijavaa tena hadi leo.

Nyie mnaosoma haya mna simu zinazotambua mmea kwa kuupiga picha. Kwa hiyo niwaeleze kwanza kazi yenyewe ilikuwaje. Cheo changu kilikuwa Mhudumu wa Hebaria. Hebaria ni ghala la mimea iliyokaushwa, makabati ya chuma yaliyojaa karatasi ngumu, na juu ya kila karatasi pamebandikwa mmea mmoja na jani lake na ua lake. Unakwenda porini na kibanio, yaani mbao mbili zinazokazwa kwa mikanda. Unaulaza mmea katikati ya magazeti, unakaza, unabeba mgongoni, na kila siku unabadilisha magazeti mpaka ukauke bila kuota ukungu. Mimi habari nyingi za dunia nilizijua zikiwa zimechelewa mwaka mzima, zina alama ya kijani ya jani katikati.

Mmea ukikauka unaandikiwa lebo, na hapo ndipo Mkuu wa Kituo alipokuwa hana mchezo. Lebo inasema mmea ulichumwa wapi, lini, kwenye udongo wa namna gani, na chini kabisa linakaa jina la mkusanyaji na saini yake. "Jani lisilo na lebo ni chakula cha mbuzi," alikuwa akituambia. "Na lebo ya uongo ni mbaya zaidi, maana mbuzi angalau anashiba." Mkusanyaji ni mtu aliyeinama akachuma kwa mkono wake mwenyewe. Mwenzangu mmoja aliwahi kutia saini kwenye mmea alioletewa na mama muuza mkaa. Mkuu akatukusanya wote, akamwambia amwite yule mama aje akalie meza yake, kwa kuwa ndiye anayefanya kazi. Jamaa alinyauka pale pale. Mimi nilicheka kuliko wote, na Mungu alikuwa ananiona.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa Tabora. Nilipanda treni nikilia, nikidhani nimepelekwa mwisho wa dunia. Huko bosi wangu alikuwa Mtunza Hebaria Mkuu, mwanamke wa Kihehe asiyecheka mpaka mwisho wa mwezi. Alinifundisha kukausha mimea wakati wa masika juu ya jiko la mkaa, na mvua ikizidi kabisa, kuiloweka kwenye spiriti isiharibike. Nikawa bingwa wa spiriti. Kutoka Tabora nikapelekwa Mpanda, nikakaa chini ya Afisa Misitu aliyependa mbao kuliko majani, tukagombana kila siku ya Mungu. Nilipoomba kurudi Kigoma alisaini barua yangu haraka sana. Nadhani ndiyo kazi pekee aliyowahi kuifanya siku hiyo hiyo.

Kigoma nikaolewa na fundi cherehani mwenye kibanda sokoni Mwanga, mtu mpole, tofauti na mimi. Nikapanda vyeo polepole, daraja kwa daraja, mpaka nikawa Fundi Sanifu Mkuu. Wakuu wa Kituo wakaja wakaondoka. Ziwa likapanda likashuka, likapanda tena. Mimi na makabati yangu tukabaki.

Ndipo akaletwa Daktari Neema, binti wa Iringa, mtaalamu wa vinasaba. Aliponiamkia siku ya kwanza, "Shikamoo Bi Tatu, nimesikia wewe ndiye kituo chenyewe," nikajua huyu ana adabu, tena ana akili. Kazi yake aliisomea nje ya nchi kwa kulinganisha tulipu za mwitu, maua yanayochipua kutoka kwenye kitunguu cha ardhini, yanayoota kwenye milima ya huko mbali na ambayo nayo yamebaki machache. Akataka kuifanya kazi ile ile kwa maua yetu.

Nitaieleza kama nilivyoelezwa. Ndani ya jani la kijani mna vijumba vidogo mno vinavyoitwa kloroplasti. Hilo ndilo jiko la mmea, linapokea mwanga wa jua na kupika chakula. Sasa kila jiko lina kitabu chake cha maelekezo, mbali na kile kikubwa cha mmea mzima, na kitabu hicho ndicho jenomu ya kloroplasti. Maandishi yake yamekaa kwa mviringo kama bangili, herufi kama laki moja na nusu, na aina za herufi ni nne tu. Yanabadilika polepole sana. Ukizilaza bangili za mimea miwili sambamba, ukazisoma herufi kwa herufi, utajua kama ni ndugu wa nyumba moja, au ni binamu, au ni watu waliopoteana zamani mno.

Nilimletea kwa furaha mimea yangu ya miaka yote, ile niliyoiloweka spiriti kwa mikono yangu. Akaisaga, akaipima, akaniita.

"Mama, hii spiriti imeua kila kitu. Herufi zimekatikakatika."

"Zote?"

"Zote, mama. Samahani."

Niliumia, sifichi. Nilikwenda nikasimama dirishani nikaangalia ziwa mpaka pumzi ikanirudia. Lakini nani alijua, enzi zile, kwamba siku moja watu watataka kusoma kitabu cha ndani ya jani? Basi ikawa lazima twende kuchuma majani mabichi na kuyakausha upya kwenye chembe za silika, zile zinazokaa kwenye vipakiti ndani ya boksi la viatu vipya.

Ua lililomshughulisha Daktari ni jekundu, la kitunguu, na wengi hapa wanaliita kitunguu mwitu tu. Linaota sehemu mbili. Lipo kwenye miamba ya ziwani upande wa Bangwe, huko ni mengi. Na lipo kwenye kilima kimoja juu ya Mwandiga, huko ni machache, ungeweza kuyazunguka yote kabla chai haijapoa. Kwa macho yanafanana. Swali likawa hili: ni ua moja au ni mawili?

Lisingekuwa swali la haraka kama mkandarasi mmoja, jina lake nalihifadhi, asingeomba kibali cha kuvunja kokoto kwenye kilima kile. Kamati ya kutoa vibali ikatuandikia. Kama ua la kilimani ni lile lile la Bangwe, kilima kivunjwe, kwa kuwa ua litabaki ziwani. Kama ni ua jingine, basi halipo mahali pengine popote tunapopajua, na kokoto zitafutwe kwingine. Jibu letu ndilo lingeamua. Mimi nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu, nikasema moyoni, hii ndiyo kazi yangu ya mwisho, nitaifanya vizuri nimalize kwa heshima.

Ua hili lina tabia moja inayotesa wakusanyaji. Linachanua mwezi wa kumi, ardhi ikiwa kavu na nyasi zimeungua, bila jani hata moja. Ua likishakufa na mvua zikaanza, ndipo majani yanatoka. Ua na jani hawaonani. Kwa hiyo unakwenda mara mbili. Mara ya kwanza unaweka alama penye ua, mara ya pili unarudi kwenye alama kuchuma jani, la sivyo unaweza kuchuma jani la mmea mwingine kabisa ukajidanganya.

Mwezi wa kumi nikapanda kilima mwenyewe. Mume wangu alinipa mabaki ya kitambaa chekundu kutoka kibandani kwake, nikachonga vigingi kumi na viwili, nikavifunga kitambaa, nikapiga kimoja penye kila ua. Dereva wetu, Hamisi, alibaki chini barabarani na gari. Nilifurahi siku ile. Nilishuka naimba.

Mwezi wa kumi na mbili, mvua zimekolea, tukarudi kwa ajili ya majani. Asubuhi hiyo goti langu la kulia lilikuwa limevimba kama boga. Nilitoka garini, nikapiga hatua tano kwenye tope, nikaona nyota mchana. Nikarudi kwenye kiti.

"Hamisi, kaka yangu, nifanyie kazi. Fuata vigingi vyenye kitambaa chekundu. Chuma majani mawili kwenye kila kigingi, kila kigingi na mfuko wake."

"Hakuna shida, Bi Tatu."

Akaenda. Haikupita nusu saa, huyo amerudi na mifuko kumi na miwili, viatu vyake havijachafuka sana.

"Mbona upesi hivi?"

"Viko hapa hapa chini, Bi Tatu. Kazi rahisi."

Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Mimi nikasema Hamisi ana miguu mirefu. Goti lilikuwa linapwita, nilitaka kufika nyumbani nilikande kwa maji ya moto. Tuliporudi kituoni nikaandika lebo kumi na mbili kwa mwandiko wangu mzuri, na chini ya kila moja nikaandika Mkusanyaji: Tatu Rashidi, nikatia saini.

Majani yakasagwa, vinasaba vikatolewa, vikapelekwa Dar es Salaam kwenye mashine kubwa ya kusoma. Majibu yakarudi mwezi wa pili. Daktari Neema akatuita mbele ya kompyuta yake.

"Ni ua moja," akasema. Alikuwa ameshuka bega, kwa sababu naye alikipenda kile kilima. "Bangili ya Mwandiga na ya Bangwe kaskazini hazina tofauti hata ya herufi moja."

"Hata moja?" nikauliza.

"Hata moja, mama. Mpaka nimeshangaa. Pale pale Bangwe, maua ya kaskazini na ya kusini yanapishana herufi mbili tatu. Lakini haya ya Mwandiga na ya Bangwe kaskazini, ni kama yamechumwa bustani moja."

Wenzangu wakasikitika kidogo, wakarudi kwenye kazi zao. Ripoti ikaandikwa siku ile ile, ikapelekwa. Mimi nilibaki nimekaa, jasho linanitoka na feni inazunguka. Daktari alishangaa kwa sababu hakujua kitu ambacho mimi nilikijua. Mkono uliochuma yale majani haukuwa wangu.

Nikamfuata Hamisi kwenye kivuli cha gari.

"Hamisi, vile vigingi ulivikuta wapi hasa?"

"Kwenye uwanja wa nyumba ya mzee mmoja, Bi Tatu. Pembeni ya michongoma, mita chache kutoka barabarani."

Loo! Mimi vigingi vyangu nilivipiga juu kabisa, kwenye mawe, mahali ambapo ungehema vibaya kabla hujafika. Nilikaa kwenye ngazi za ofisi nikashika kichwa.

Kesho yake nikaomba ruhusa, nikapanda gari la abiria mpaka Mwandiga peke yangu, na goti langu. Mzee mwenye nyumba ile anaitwa Mzee Bikorimana, mkulima wa mihogo, umri wake kama miaka themanini hivi. Nilimkuta anamenya mihogo na mkewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwakeye, binti," akanisalimu kwa Kiha. Mimi na mvi zangu naitwa binti. Nilikuwa na hali mbaya, lakini hilo lilinipendeza.

Nikaviona vigingi vyangu. Vimepangwa mstari mmoja mzuri kando ya michongoma, kitambaa chekundu kimepauka, na chini ya kila kigingi majani ya kitunguu mwitu, mabichi, manene, yaliyopaliliwa.

"Mzee wangu, hivi vigingi vilikuwa juu kilimani. Nani aliyevishusha?"

Akaacha kisu. Akamtazama mkewe, mkewe akatazama mihogo.

"Ni mimi," akasema. "Watu wa kupima ardhi wanapiga vigingi namna hii. Wakishapiga, eneo limekwenda. Na sisi tumesikia wanataka kuvunja mawe. Kule juu, binti, ndipo alipozikwa mama yangu. Kigingi kimoja kilikuwa hatua tatu kutoka kaburini."

"Sasa kwa nini hukuving'oa tu ukavitupa?"

"Wangerudi na polisi. Nikaviangalia, nikaona kila kigingi kipo kwenye ua. Nikasema, kumbe watu hawa wanachotaka ni maua. Na maua tunayo hapa chini pia. Mke wangu ni mtu wa Bangwe, alikuja nayo alipoolewa, akapanda kandokando. Basi nikavishusha, nikapiga kila kimoja penye ua. Nikasema wachukue hapa chini, waniachie juu."

Nilitaka kulia na nilitaka kucheka kwa pamoja. Huyu mzee alikuwa amekilinda kilima kwa akili yake yote, na kwa akili hiyo hiyo alikuwa karibu kukipoteza. Na mimi, niliyejua kila kitu kuhusu lebo, nilikuwa nimemsaidia. Majani ya Bangwe yalilinganishwa na majani ya Bangwe, na juu yake kuna jina langu.

"Mzee," nikamwambia, "hao watu wa vigingi ni mimi. Wala sikuja kupima ardhi."

Nikamweleza yote. Alisikiliza amefumba macho. Mwishoni akauliza, "Kwa hiyo kwa sababu yangu watavunja?"

"Kwa sababu yetu," nikasema. "Lakini bado hawajavunja. Unakumbuka vilikuwa wapi?"

"Ego," akaitikia kwa Kiha, yaani ndiyo. "Kimoja kimoja."

Sikupanda siku ile. Kwanza ilikuwa lazima nikasimame mbele ya Mkuu wa Kituo. Mkuu wa sasa ni kijana wa Mbeya, umri wa mwanangu wa kwanza, mtu wa haki lakini ana hasira za karibu. Nililala siku mbili nikijiuliza. Nyumbani mume wangu alikuwa ameshaanza kushona kanzu ya kuvaa kwenye sherehe ya kuniaga. Nilifikiria wenzangu watasemaje. Nilifikiria nikae kimya nistaafu salama, halafu nikafikiria baruti kwenye kilima kile, nikaona usalama huo hauna raha yoyote. Siku ya tatu nikapiga moyo konde nikaingia ofisini.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama, akafunga mlango.

"Bi Tatu. Wewe! Wewe uliyenirudishia mimi lebo mara mbili kwa sababu sikuandika aina ya udongo!"

"Ni mimi."

"Ripoti imeshafika kwenye kamati. Unajua nitaonekanaje? Ungenyamaza, nani angejua?"

"Hamisi anajua, Mzee Bikorimana anajua, mke wake anajua. Hata mbuzi wao nadhani wanajua."

Hakucheka. Aliniambia nitoke. Jioni ile ile aliandika barua mbili, moja ya kuiomba kamati irudishe ripoti yetu, nyingine ya kwangu, barua ya onyo, nakala kwenye faili langu. Kazi yangu yote sikuwahi kupata onyo hata moja. Niliisaini kuwa nimeipokea.

Siku iliyofuata nilipanda kilima. Goti lilikuwa bado linauma, nikapanda. Daktari Neema alinishika mkono, Hamisi alibeba silika, na Mzee Bikorimana alitangulia na fimbo, anapumzika kila baada ya hatua ishirini na kututania kwamba tunamchelewesha. Kila tulipofika alipong'oa kigingi alisimama, akapiga fimbo chini: hapa. Tukapekua nyasi, na kweli tundu la kigingi lipo, na pembeni yake majani. Yalikuwa membamba kuliko yale ya chini. Daktari aliinama akayaangalia, akaniangalia, macho yake yanacheka. Tuliyapata tisa kati ya kumi na mawili. La mwisho lilikuwa pale kaburini. Mzee akavua kofia, akasimama kando mpaka nikamaliza. Nikachuma kwa mkono wangu, jani kwa jani, nikaandika lebo pale pale nimekaa juu ya jiwe.

Kamati ilikubali kusubiri, kwa shingo upande. Mimi nikaagwa mwezi wa sita, majibu bado. Walinipa kitenge, saa ya ukutani, na hotuba ndefu ambazo hazikutaja onyo. Mume wangu alivaa kanzu yake mpya akapendeza kuliko mimi. Nilikula pilau, nikacheza, lakini kila aliponishika mtu mkono kunipongeza nilikuwa nawaza kilima.

Mwezi wa nane, nikiwa nyumbani Ujiji naanika dagaa, gari la kituo likasimama nje. Akashuka Daktari Neema, na nyuma yake Mkuu wa Kituo. Daktari hakungoja hata kukaribishwa.

"Mama, zimepishana! Si herufi mbili wala tatu. Zimepishana sehemu nyingi, na kuna kipande kizima cha bangili ambacho Bangwe kipo na Mwandiga hakipo. Yalipoteana zamani sana. Ni ua jingine!"

Nilipiga kigelegele mpaka majirani wakatoka. Nilimkumbatia na mikono yangu ya dagaa, akanuka siku nzima. Mkuu wa Kituo alisubiri tutulie, akasema kamati imeshaandikiwa na kibali kimekataliwa. Kisha akatoa bahasha.

"Bi Tatu, ile barua ya onyo. Nimeona niitoe kwenye faili. Yaliyopita yamepita."

Nilimshukuru, tena kwa moyo. Lakini nilimwambia airudishe. Kituoni sasa kuna majani ya aina mbili yenye jina la kilima kimoja, na majibu mawili yanayopingana. Mtu atakayefungua kabati baada yetu atauliza kwa nini, na barua ile ndiyo inayomjibu. Katika kazi yetu hatufuti kosa kwa kifutio. Tunapiga mstari mmoja juu yake, neno la zamani lisomeke, tunaandika jipya na kutia saini. Aliifikiria kidogo, akairudisha bahasha mfukoni, akaomba maji ya kunywa.

Vijana mnaoingia kwenye kazi hii hupenda kuniuliza siri ya kudumu muda mrefu. Mimi sina siri. Niliipenda kazi, niliwapenda wengi wa wakubwa wangu, hata yule wa mbao nikimkumbuka siku hizi nacheka. Nina wajukuu, nina ziwa mbele ya nyumba, goti limetulia. Kosa langu nilidhani litanikalia kifuani mpaka kaburini, na halikunikalia, kwa sababu nilipata nafasi ya kulitembelea kwa miguu yangu na kulirekebisha. Si kila mtu anapewa nafasi hiyo, kwa hiyo nashukuru.

Wageni wangu walipomaliza maji nikawaomba wanipeleke Mwandiga. Nilitaka Mzee Bikorimana aisikie habari kutoka kwangu. Tulimkuta amekaa barazani. Daktari akaanza kumweleza bangili na herufi na kile kipande kilichokosekana, anachora chini kwa kijiti, mzee anaitikia kwa heshima, ego, ego. Alipomaliza, mzee alinigeukia mimi.

"Binti, kwa hiyo hawavunji?"

"Hawavunji, mzee."

Akatazama juu, kule kilimani, muda mrefu. Akafuta macho kwa kiganja. Kisha akakohoa, akajiweka sawa kitini.

"Basi na mimi sikukosea sana."

"Ulikosea sana, mzee wangu," nikamwambia. "Tena sana. Na mimi nikakutilia saini."

Alianza kucheka yeye, nikafuata mimi. Tulicheka mpaka mkewe akatoka jikoni, mwiko mkononi, kuuliza kuna nini.